Pigo la Pili

Tulimwombea Wairimu sebuleni kwa binamu yake, mtaa wa Abu Hamour hapa Doha, kabla mwili wake haujasafirishwa kwenda Nyeri. Viatu vilijaa mlangoni mpaka kwenye ngazi. Wakenya waliimba nyimbo zao za kanisani, sisi Waislamu wachache tukakaa upande wa dirishani na masinia ya pilau tuliyokuja nayo, na kila aliyesimama kumzungumzia marehemu alisema jambo lilelile kwa maneno mengine: kwamba alikuwa na mikono laini. Miaka yake ya mwisho alikuwa akitunza wazee majumbani, na muuguzi mmoja alisimulia jinsi alivyomwona akimwogesha bibi mmoja kama mtu anayeosha yai. Mwingine akasema hakuwahi kumwona Wairimu akiinua mkono wala sauti. Kando yangu alikaa Prem, Mnepali anayeendesha basi la shule, ambaye Kiswahili chake ni cha salamu tu. Aliniletea sikio lake la kulia karibu na mdomo akaniuliza, kwa kile Kiarabu cha kazini tunachozungumza wageni wote wa mji huu, watu wanasema nini. Nikamweleza. Akasema niwaache waseme hivyo, maana ni kweli. Ni kweli. Lakini mimi na Prem ndio pekee tuliobaki mjini tuliomwona Wairimu akivunja taya la mtu, na tangu siku ile ya maombi kila nikishika mwiko jikoni naurudia ule mwaka. Naandika niutue.

Nilikotoka na nilivyofika Doha si kitu. Kila mtu hapa ana hadithi hiyo na zote zinafanana. Nilikuwa msichana mwenye stashahada ya maabara, na kazi niliyopata ilikuwa kwenye banda kubwa la bati lililosimama peke yake kwenye uwanda wa mchanga, kusini ya Al Wakrah. Nje, adhuhuri ya kiangazi, chuma cha kitasa kiliunguza vidole. Ndani tulivaa majaketi. Mashine za kupozea maji zilinguruma mchana kutwa nyuma ya ukuta, na mbele yetu yalipangwa matangi ya plastiki, mapana kama vyumba, maji yakizunguka ndani yake taratibu upande mmoja, na katika maji hayo samaki wasiohesabika, wadogo kama vidole, wote wakipambana na mkondo bila kusogea. Walikuwa samoni. Tajiri mmoja aliamua samaki wa nchi za barafu wanaweza kukulia jangwani, na mayai yakaletwa kwa ndege ndani ya masanduku yenye barafu. Ungenisimulia wewe leo nisingeamini. Lakini niliwalisha kwa mkono huu.

Aliyejua samaki hao ni nini alikuwa Daktari Ingrid, mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe ambaye alizaliwa kando ya mto wenye samoni na alizungumza juu yao kama watu wanavyozungumza juu ya majirani. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mbele ya tangi akanieleza kazi yote. Samoni huzaliwa mtoni, kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, na akiwa mdogo ana mabaka ubavuni kama mtu amembonyeza kwa vidole vyenye wino. Hukaa mtoni akila mpaka msimu fulani, ndipo mwili wake unabadilika: mabaka yanafutika, anakuwa mwembamba, anang'aa kama fedha, na anapata uwezo wa kuishi kwenye chumvi. Hapo ndipo anakwenda baharini. Asiyebadilika akitiwa kwenye maji ya chumvi, anakufa. Na jambo linaloamua nani abadilike na nani abaki, alisema Daktari, kwa sehemu kubwa ni mafuta aliyojiwekea mwilini. Aliyekonda hubaki mtoni mwaka mwingine. Tena wapo madume wengine wanaopata mafuta mapema mno, nao hawaendi popote. Wanageuka baba wakiwa bado wadogo vilevile. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kujua, wiki baada ya wiki, kila tangi limebeba mafuta kiasi gani. Hakuna njia ya kumpima samaki mafuta akiwa hai, angalau hatukuwa nayo sisi. Tulimuua, tukamkausha kwenye joko, tukamsaga, tukayaosha mafuta yake kwa dawa iliyochoma pua, halafu tukapima kilichobaki.

Daktari hakutaka tutumie dawa ya usingizi, kwa sababu alihofia ingeingia kwenye mafuta na kuharibu vipimo. Tulitumia kirungu cha mti mgumu, kifupi, kizito mbele, mfano wa mchi wa kutwangia viungo. Mimi nilikuwa sijaua hata kuku. Wairimu ndiye aliyenifundisha. Alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye mabwawa ya samaki wa milimani kwao, ambao ni ndugu wa samoni, na mikono yake ilijua. Alimshika samaki kwa kitambaa kilicholowa, akamlaza ukingoni mwa meza, akampiga nyuma kidogo ya macho. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayevunja karanga. Aliniambia nisimwonee huruma kwa mkono mlegevu, maana mkono mlegevu ndio ukatili. Wiki ya kwanza nilitapika kwenye sinki. Wiki ya tatu nilikuwa nikiua huku nikizungumza naye habari za mapishi. Sasa nikikumbuka, hilo la pili ndilo linalonishangaza zaidi, jinsi mwili unavyokubali mapema kuliko moyo, na jinsi usivyokuomba ruhusa.

Upande wa kushoto wa banda yalikuwepo matangi ambayo Daktari aliagiza yapewe chakula nusu, ili aone samaki waliokonda watafanyaje. Walifanya vita. Samaki aliyekuwa mnene kidogo kuliko wenzake alijichukulia sehemu nzuri ya mkondo na kila aliyesogea alimrukia. Walianza kwa mapezi, wakayatafuna mpaka yakabaki vijiti. Kisha macho. Asubuhi tulikuta wengine wakizunguka na tundu jekundu mahali pa jicho, wakigonga ukuta wa tangi, na wenzao wakiwafuata nyuma kwa subira wakilisubiri jicho la pili. Niliwahi kumwomba Daktari tuwaongezee chakula. Alinijibu kwa upole kwamba mtoni pia hivyo ndivyo ilivyo, ila mtoni huoni. Wairimu hakuomba. Aliwatoa waliopofuka mmoja mmoja kwa kijavu, wavu mdogo wenye mpini wa chuma, na kuwamaliza mezani, nje ya hesabu ya sampuli, bila kumwambia mtu.

Chumba cha kulia kilikuwa nyuma ya maabara, ukuta wa mbao nyembamba katikati, na harufu ya ile dawa ilikuwa imeingia hata kwenye mkate. Tulikaa meza moja ndefu. Prem alikuja na dengu zake na wali mkavu. Wairimu alipika ugali kwenye jiko la umeme, akalalamika kila siku kwamba unga wa dukani hapa ni wa kuku, na akala wote. Mimi nilileta wali wa nazi na dagaa, na siku za Ijumaa mtu alituletea machibusi, ule wali wa viungo wa Kiarabu, kwa nyama ya mbuzi, kutoka mkahawa wa Wakrah, tukala kwa mikono kutoka sinia moja. Prem alikuwa kijana mwembamba asiye na maneno, fundi wa mabomba na valvu, na alipocheka alifunika mdomo. Alimwita Wairimu didi, yaani dada mkubwa kwa lugha yao, ingawa walikuwa rika moja. Wairimu naye alimpa jina la Kamau, na kijana akaitika.

Msimamizi wa banda alikuwa Shabani, mtu wa Tanga kama mimi. Yeye ndiye aliyenipokea, akanitafutia kitanda kwenye nyumba ya wanawake, na Ramadhani ilipofika aliniletea futari mlangoni, vipopoo na kaimati zilizopikwa na mke wa rafiki yake, akisema mtoto wa kwetu hawezi kufuturu mkate mkavu. Aliniita mdogo wangu. Nilimsikia mara nyingi kupitia ukuta wa mbao akizungumza na mama yake kwenye simu, sauti imelainika, akimuuliza kama miguu imepungua kuvimba, kama amekula, kama mtoto wa jirani anamchotea maji. Mtu yuleyule akikata simu alitoka nje, na ukisikia hatua zake kwenye sakafu ya saruji ulijua leo kuna mtu atapigwa. Mara ya kwanza nilimwona akimpiga Prem kibao kwa glovu iliyolowa, kwa sababu trei ilianguka. Prem aliokota trei. Mara ya pili ilikuwa teke. Baadaye ikawa kama hali ya hewa. Watu walipanga kazi zao kukwepa upepo. Mimi alikuwa hanigusi, na Wairimu pia Shabani alimchelea kidogo, labda kwa sababu Wairimu alikuwa akimtazama machoni. Tuliwahi kumweleza Daktari. Alizungumza na Shabani faragha, na wiki ile Prem alipigwa mahali pasipoonekana.

Mwanzoni mwa joto Daktari alikwenda kwao likizo. Aliacha maagizo kwamba samaki wa tangi kubwa wasiguswe mpaka arudi, kwa kuwa bado walikuwa na mabaka na vipimo vya mafuta vilionyesha hawajaanza kubadilika. Hajamaliza wiki, mudir, yaani mkuu wa kampuni, akapiga simu. Wageni wanakuja, na tajiri anataka kuwaonyesha samoni ndani ya maji ya bahari, wanang'aa, kama kwenye picha. Shabani alikubali palepale kwenye simu. Nilimsikia kupitia ukuta akisema hakuna shida, hakuna shida kabisa. Tulimfuata mimi na Wairimu. Nilimweleza vipimo vya wiki ile. Wairimu alimtolea samaki mmoja akamwonyesha yale mabaka ubavuni, akamwambia kwamba hawa bado ni watoto wa mtoni na chumvi itawaua. Shabani alimtazama samaki, kisha akanitazama mimi, si Wairimu, akaniambia kwa Kiswahili chetu cha pwani, kwa upole wote, kwamba samaki ni samaki na maji ni maji, na kwamba mimi kama mtu wa kwao ningepaswa kumsaidia asiaibike. Halafu akamwamuru Prem afungue valvu ya maji ya bahari. Prem alisita, akamtazama Wairimu. Shabani akamsukuma kichwa ukutani, na valvu ikafunguliwa.

Nimeona watu wakifa hospitalini tangu wakati ule, na bado sijaona kifo kirefu kama cha samaki wale. Jioni walikuwa wakiogelea, na Shabani akatucheka. Asubuhi maji yalikuwa yamegeuka kitu kingine. Chumvi inamnyonya samaki maji kutoka ndani. Anakauka akiwa amezama majini. Walikuwa weusi, midomo wazi, wakizunguka kwa kasi bila mwelekeo na kujigonga ukutani mpaka pua zikachubuka. Wengine waliruka nje kabisa, wakatua sakafuni na kupigapiga mikia hadi walipokauka. Waliokufa walizunguka na mkondo pamoja na walio hai, tumbo juu, na mkondo ukawarundika kwenye wavu wa katikati mpaka maji yakaanza kumwagika nje ya tangi. Tulivaa mabuti tukaingia. Nilichota kwa kijavu, nikajaza ndoo, nikachota tena, na chini ya maiti nilihisi waliobaki hai wakinigonga miguuni. Wairimu alisimama kwenye meza ya sampuli na kirungu chake akiwamaliza wale waliokuwa bado wanapumua, maana aliona ni afadhali. Kilichosikika ni mashine za baridi na ile sauti ya karanga.

Simu ya mudir ilikuja tukiwa katikati ya kazi hiyo. Shabani aliipokea akiwa amesimama ukingoni mwa tangi, na sote tulimsikia akisema kwamba Mnepali alifungua valvu isiyo yake, bila kuagizwa, na kwamba atashughulikiwa. Prem alijua Kiingereza cha kutosha kuelewa hilo. Aliweka ndoo chini. Akasema, kwa sauti ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia kwake, kubwa, ili simu isikie, kwamba aliambiwa afungue. Alirudia. Shabani alikata simu, akashika kijavu kwa upande wa wavu, akampiga Prem sikioni kwa mpini wa chuma.

Prem alianguka kwenye maji ya sakafuni yaliyojaa samaki. Shabani alimpiga tena akiwa chini, mgongoni, mbavuni, na mpini ulipopinda akautupa na kutumia mabuti. Damu ilitoka sikioni ikachirizika kwenye maji kama uzi. Nilipiga kelele. Nilimshika Shabani mkono, akanisukuma, nikaangukia kona ya meza na kupasuka hapa juu ya nyusi. Kisha alimwinua Prem kwa kola, akamburuta hadi kwenye tangi, akamzamisha kichwa ndani ya yale maji ya chumvi na maiti, akamwegemea kwa uzito wake wote. Niliona miguu ya Prem ikipiga sakafu. Niliona mikono yake ikikamata ukingo wa tangi na kuteleza, ikikamata na kuteleza.

Wairimu alikuja kutoka mezani akitembea, hakukimbia.

"Shabani, muache," alisema.

Hakumwacha. Miguu ya Prem ilikuwa imeanza kulegea.

"Nimekuambia umwache huyo mtoto wa watu."

Shabani aligeuza uso kumjibu, na Wairimu akampiga kirungu cha taya. Nilisikia mfupa. Shabani alimwachia Prem, akayumba, akakaa chini kwenye maji huku ameegemea tangi, mdomo umekwenda upande, mikono wazi mapajani. Prem aliteleza kutoka ukingoni akaanguka upande wa pili, akitapika maji. Yote yalikuwa yamekwisha. Shabani alikuwa hana la kufanya tena. Kichwa chake kilitikisika kidogo, mara mbili tatu, kama cha mtu anayesinzia kwenye basi. Ndipo Wairimu akainama, akampiga tena, mahali palepale.

Nilimvuta Prem, nikamlaza ubavu, nikamfunga kichwa kwa ushungi wangu. Wairimu alikiosha kirungu kwenye sinki, akakiweka mahali pake, akamgeuza Shabani ubavuni asije akasongwa na damu yake mwenyewe, kisha akaketi kwenye benchi la chumba cha kulia kungoja. Nilimfuata. Mikono yake ilikuwa imetulia. Nilitoa simu yangu, akaichukua akapiga yeye mwenyewe kuomba ambulensi na polisi. Alipomaliza aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimempiga mara mbili. Wakikuuliza, sema mbili. Usinipunguzie, Mwanaidi, tafadhali, na usiniongezee."

Polisi walimchukua Wairimu siku hiyohiyo. Mimi nilishonwa nyusi, na jioni nyumba yetu ikajaa watu wa kwetu. Walikuja kwa heshima zote, kina mama watatu na wazee wawili wa jumuiya, wakakaa kwenye vitanda, wakanywa chai. Bi Zuhura, ambaye tulikuwa tukimwita mama sote kwa vile ndiye aliyekaa mjini miaka mingi kuliko yeyote, aliniambia kwamba Shabani ana mama mgonjwa na kwamba taya lake limefungwa waya, hawezi hata kusema shahada. Mkenya yule, alisema, ana watu wake. Sisi tuseme nini kwa yule bibi Tanga? Hawakuniomba niseme uongo. Waliniomba tu niseme kwamba niliangukia meza na kwa hiyo sikuona. Nami nilikuwa nimeangukia meza kweli, plasta ilikuwa usoni. Nilimwambia Bi Zuhura kwamba niliona kila kitu, tangu mpini hadi mwisho, na kwamba nitasema nilichoona. Alimaliza chai yake. Alisimama, akanishika kichwa kama anayeombea mtoto, akaondoka, na tangu siku ile hakunialika tena kwenye shughuli yoyote mpaka alipokufa. Nilifuturu peke yangu Ramadhani nyingi. Sijuti, lakini sitadanganya kwamba haikuuma. Nilikuwa mgeni, na wale ndio waliokuwa nyumbani kwangu.

Kituoni aliyenihoji alikuwa mtu mtaratibu, na mkalimani wake Msudani alinisikiliza macho amefumba. Nilieleza mpini, mabuti, maji, miguu ya Prem. Nilieleza pigo la kwanza. Mpelelezi akaniuliza kama ni hilo tu. Nilijua swali lile lilikuwa na uzito gani: pigo la kwanza lilimwokoa mtu, na la pili lilimpata mtu aliyekwisha keti. Nilisema mbili. Akaandika, akaniambia kwamba mshtakiwa mwenyewe amesema mbili, ila akiulizwa la pili lilikuwa la nini anakaa kimya. Prem alitoa ushahidi kutoka kitandani, akiwa na mbavu zilizovunjika na sikio la kushoto ambalo halikurudi tena. Alisema yeye hakuona kitu kwa sababu kichwa chake kilikuwa ndani ya maji, lakini aliyemtoa anamjua.

Daktari alirudi akakuta tangi kubwa limekauka. Alitembea banda zima mara moja, akaingia maabara, akajifungia. Kampuni iliamua kufunga mradi, na mudir akatuma ujumbe kwamba samaki waliobaki wateketezwe wote kabla umeme haujakatwa. Kazi ile iliangukia mimi, kwa kuwa nilikuwa peke yangu niliyebaki mwenye mkono uliozoea. Daktari alisema wapimwe wote, angalau vifo vyao viwe na faida, kwa hiyo dawa ya usingizi haikuruhusiwa. Nilichukua kirungu. Nilianza na matangi ya waliokonda, wale vipofu na wasio na mapezi, kisha nikaja upande wa kulia, kwa wale wanene. Siku nzima, na kesho yake, na siku iliyofuata. Kati yao nilikuta wale madume wadogo ambao Daktari alinieleza siku ya kwanza, waliopata mafuta mapema. Ukimbana kidogo tumboni mbegu zake, nyeupe kama maziwa, zilikuchirizikia kiganjani, samaki mwenyewe hazidi urefu wa kidole. Niliwapiga na hao. Nywele zangu, kucha zangu, mto wangu wa kulalia, vyote vilinuka mafuta ya samaki.

Nilipomaliza nilikwenda kumwona Wairimu. Kesi yake ilikuwa imeamuliwa: mahakama ilikubali kwamba alimtetea mtu, ikasema alizidisha, na kwa kuwa alikuwa amekaa ndani msimu mzima wa joto, angerudishwa kwao. Angesafiri wiki ile. Miaka mingi ilipita kabla hajaruhusiwa kurudi tena Doha, akiwa mwanamke mwingine, na cheti cha kutunza wazee. Siku ile tulikaa pande mbili za kioo, simu masikioni. Alikuwa amekonda. Aliniuliza habari za Prem, nikamwambia ameanza kutembea. Aliniuliza habari za samaki, nikamwambia nimewaua wote, mimi mwenyewe.

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Pole, Mwanaidi. Ungeniambia ningekuombea."

Nilikuwa nimekuja na swali, na nilijua kwamba nisipouliza siku ile sitauliza tena. Nilimwambia kwamba kila mtu anaelewa pigo la kwanza, hata yule mpelelezi, hata Bi Zuhura moyoni mwake. Nilimuuliza la pili lilikuwa hasira, au lilikuwa nini.

Alitazama mkono wake uliolala mezani.

"Hao samaki ulioua," alisema. "Wengine walitikisika ukishawapiga?"

Nikasema ndiyo, wengi.

"Ukafanyaje?"

"Nikawarudia."

"Ulifikiri kwanza?"

Nilizitafuta zile siku tatu zote, meza, maji, ule mrundo, na sikuona mahali popote ambapo nilifikiri.

"Basi," alisema Wairimu. "Shabani alitikisika."

Mlinzi aligonga mlango upande wake. Aliweka simu chini polepole, bila kuigonga, akanipungia kwa vidole tu, akasimama. Nilitoka nje kwenye jua. Mkono wangu wa kulia niliutia mfukoni, nikatembea nao hivyo hadi kituo cha basi, na mwanamke mmoja aliponiomba nimshikie mtoto wake apande, nilimwambia aniwie radhi, nitamshika kwa mkono huu mwingine.